Sura ya Saba: Mdomo wa Boti

Boti ya faiba haianzi kufa tumboni. Huanzia mdomoni. Tumbo likikwaruzwa na mawe ya ufuoni hupakwa rangi likarudi majini. Mdomo ndio unaobeba kazi. Nyavu huvutwa juu yake pamoja na risasi zake. Mvuvi huukalia, madumu ya petroli huegemezwa hapo, kamba ya nanga huusugua usiku kucha, na boti mbili zikifungwa ubavu kwa ubavu, midomo ndiyo inayogongana. Kwa hiyo kiwanda huuvisha raba kuanzia tezi hadi omo na kurudi, na raba hiyo ndiyo inayotangulia kuchakaa. Ikishaanza kuning'inia hukatwa kwa kisu na kutupwa, maana boti bado inaelea na injini bado inanguruma. Fuo za kusini mwa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, zina boti nyingi za namna hiyo: mwili mzima, rangi bado inang'aa, mdomo uchi.

Kinachopotea pale hakionekani upesi. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini ya poliesta zikagandia ndani ya kalibu. Upande wa nje una jelkoti, tabaka jembamba la resini yenye rangi ambalo hukinga maji na jua. Lakini jelkoti iko usoni tu. Pale ganda lilipokatwa kwa grinda ili lipate umbo, nyuzi zimebaki wazi, na ukingo huo ni kama mkeka ambao haukupindwa pindo. Maji huingia ncha kwa ncha, hufuata nyuzi kwenda ndani, na baada ya misimu kadhaa tabaka zilizoshikana huanza kuachana. Boti kubwa kidogo zina jambo la ziada: hutolewa kwenye kalibu zikiwa vipande viwili, tumbo na sitaha, na vipande hivyo hukutanishwa hapo hapo mdomoni kwa gundi na riveti. Raba ndiyo inayokifunika kiungo hicho. Ukiitupa, umekiacha kiungo kikuu cha boti kipigwe na kila kinachokuja.

Kisha kuna mikono. Nyuzi za kioo zilizofumuka huchoma viganja kwa vijisindano ambavyo hata jicho halivioni, na mwasho wake hukaa siku nzima. Jino dogo la faiba lililosimama mdomoni hushika tundu la wavu, wavu ukivutwa kwa nguvu huchanika, na kila mvuvi anajua wavu ni ghali kiasi gani kuliko utepe wa raba.

Hofu hii ya kiungo si ya leo. Mtepe wa pwani ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na mitumbwi ya Sesse upande wa Uganda nayo ilishonwa kwa nyuzi za mimea. Mafundi wa vyombo hivyo walitumia nusu ya akili yao kwenye mshono. Misumari ilipokuja, kazi ikageuka kuwa kalafati: pamba kupigiliwa kati ya mbao, lami au mafuta ya sifa juu yake. Hadi leo boti za mbao za ziwani hupigiliwa vipande vya bati juu ya nyufa, na ukipita ufuoni jua likiwaka unaona ubavu wenye viraka vinavyometameta. Fundi wa mbao hahitaji kuambiwa aukague mshono. Ndio riziki yake.

Faiba ilikuja na sifa nyingine. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa viwandani Marekani miaka ya 1930, na mwaka 1942 Ray Greene wa Ohio aliunda boti ndogo ya nyuzi hizo na resini ya poliesta. Kutoka hapo dunia nzima ikajaa boti zisizo na ubao. Kwetu zimechelewa, ila sasa zinakuja kwa wingi: kuanzia 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikiwagawia wavuvi na wakulima wa mwani boti za faiba, na Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba vya samaki kwa mkopo jijini Mwanza. Upande wa Kenya wa ziwa, boti za mbao bado ndizo nyingi, lakini faiba imeshika nafasi kwenye ufugaji wa samaki wa vizimba, kwenye doria na kwenye kubeba abiria. Popote zinapokabidhiwa, hotuba ni moja: hii haiozi. Ni kweli haiozi. Huachana tabaka, jambo ambalo halina harufu wala fangasi, na ndiyo sababu halishtui mtu.

Sura hii nimeiweka Rodi Kopany, mji usio na ufuo, na pengine msomaji wa Mbita, mji wa ufuoni, atauliza kulikoni. Jibu ni barabara. Rodi ni njia panda: moja hushuka Homa Bay, moja hupanda Rongo kukutana na barabara kuu ya Kisii na Migori, na nyingine huenda Ndhiwa na kuendelea hadi Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori. Mwenye boti wa Sori na mwenye boti wa Homa Bay wote wanaweza kufika hapa kwa matatu au bodaboda. Hawaji kutafuta duka la vifaa vya boti, maana halipo. Raba yenyewe ya kiwandani, ile iliyokatwa kwa umbo la boti fulani, huagizwa mbali, na mara nyingi boti iliuzwa bila ya akiba hata mita moja. Wanakuja kwenye vitu ambavyo mji wowote wa njia panda unavyo: spea za magari na pikipiki, mabomba ya maji, bolti za kupimwa kwa kilo, na mafundi wa akala wanaojua kuchuna tairi kama mchinjaji anavyojua kuchuna mbuzi. Raba ya boti ya Ziwa Victoria inapatikana kwenye soko hilo, ikiwa mnunuzi anajua anachokitafuta.

Na aanze kwa kupima unene wa mdomo, si urefu. Huu ndio ushauri ambao ningemshika mtu shati ili ausikie. Wengi huja na kamba waliyoizungushia boti, wakanunua mita kumi na tano na ushei za raba ya mlango wa gari, ile yenye mdomo wa U unaobana wenyewe, wakafika ufuoni wakakuta haiingii. Raba ya mlango imetengenezwa kubana bati la milimita chache. Mdomo wa boti ya faiba, hasa pale tumbo na sitaha zinapolaliana, huweza kufika milimita kumi. Ukiilazimisha, inapanuka, inapoteza meno, na mawimbi ya wiki ya kwanza yanaivua. Tena ndani ya raba hiyo mna vibanio vya chuma ambavyo kwenye gari hukaa pakavu. Ziwani hushika kutu, vikavimba, vikapasua raba kutoka ndani. Raba yenyewe, kwa haki, ni nzuri sana. Nyingi ni EPDM, mpira wa kiwandani unaostahimili jua kuliko karibu kila kitu kingine sokoni.

Jua ndilo adui ambalo watengenezaji wa nchi za baridi hawakulipigia hesabu vya kutosha. Homa Bay iko nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo miale ya jua haichujwi sana kabla ya kufika. Boti nyingi hutoka kiwandani na raba ya PVC. PVC ni ngumu kwa asili. Hulainishwa kwa mafuta maalumu yanayochanganywa ndani yake, na jua na joto huyatoa mafuta hayo polepole. Ndipo raba inapokauka, inapofupika, na kuachia pengo la vidole viwili kwenye kona. Mpira wa asili, ule wa mti, nao una udhaifu wake: ozoni iliyo hewani huupasua, hasa ukiwa umevutwa. Tairi limechanganywa kaboni nyeusi na kemikali za kulikinga, na hiyo ndiyo sababu tairi kuukuu lililotupwa nyuma ya gereji miaka mingi bado linapinda bila kukatika.

Kwa hiyo tairi. Usichukue la lori. Matairi ya lori ya siku hizi yana nyaya za chuma hadi ubavuni, na ukishayakata nyaya hizo hutokeza kama miiba. Zinashika wavu vibaya kuliko faiba iliyofumuka, na kutu yake huchora michirizi ya kahawia kwenye jelkoti nyeupe. Trela za miwa za Ndhiwa na Awendo humaliza matairi mengi, nayo yanavutia kwa unene na kwa bei ya bure, lakini yaache. La bodaboda ndilo linalofaa. Mengi yake yana nyuzi za nailoni tu, chuma kikiwa kwenye duara la ndani peke yake, na duara hilo hukatwa likatupwa. Tatizo lake ni urefu. Tairi la rimu ya inchi 18 likikatwa na kunyooshwa hutoa karibu mita 1.9. Boti ya mita saba yenye upana wa mita mbili ina mdomo wa mita kumi na tano hadi kumi na sita kwa mzunguko, maana yake vipande tisa, na kila kiungo kati ya kipande na kipande ni mahali pa wavu kunasa. Fundi hodari huchonga ncha kwa mshazari, kipande cha mbele kikilalia cha nyuma kuelekea upande ambao wavu huvutiwa, ili wavu uteleze juu yake badala ya kuingia chini. Mafundi wa akala wana njia nyingine: hukata ubavu wa tairi la gari dogo kwa mzunguko, kisu kikienda ndani kidogo kidogo, hadi watoe utepe mmoja mrefu. Ni ustadi wa kutazamwa. Lakini utepe huo una tabia ya kurudia mviringo wake, na usipofungwa kwa skrubu za karibu karibu utajikunja.

Chaguo la tatu hudharauliwa na wenye boti kwa sababu halina sura ya kiboti: bomba jeusi la maji, lile la poliethilini linalouzwa kwa mviringo. Bomba la milimita 32 hupasuliwa kwa urefu, likawekwa kwenye maji ya moto, likafunguka na kuvishwa mdomoni lingali laini. Linakuja zima bila kiungo. Ni jeusi kwa kaboni ile ile ya tairi, kwa hiyo jua halilisumbui, na wavu huteleza juu yake vizuri ajabu. Halinepi kama raba. Boti ikigonga kizimba cha chuma, mshtuko hupita moja kwa moja hadi kwenye ganda. Na halishiki gundi za kawaida. Poliethilini ni plastiki ambayo karibu hakuna kinachoigandia, hivyo lazima ifungwe kwa bolti au kamba. Kwa boti ya omena, dagaa wa ziwani, inayofanya kazi mbali na vizimba na kuta, ningechagua bomba bila kusita. Kwa boti ya kulishia samaki wa vizimba, inayoegeshwa kwenye fremu za chuma mara kadhaa kwa siku, ni tairi.

Kazi yenyewe inahitaji boti iwe juu na iwe kavu, na hapo ndipo watu hukwama, kwa kuwa boti iliyo juu hailipi. Kalenda ya ziwa lenyewe ina jibu. Omena huvuliwa kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa haziwavuti samaki. Vijana hupumzika, boti zikalala ufuoni. Siku hizo chache kila mwezi zinatosha. Uvuvi wa omena pia hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, lakini nusu ya kipindi hicho ni mvua za masika, na resini haishiki kwenye faiba iliyolowa. Mwezi mpevu wa Januari au Februari, katikati ya kiangazi, hauna mpinzani.

Raba ya zamani hutolewa kuanzia tezi, ambako ncha zake hukutana. Riveti hukatwa kichwa kwa drili, si kwa patasi, maana patasi hupasua jelkoti kuzunguka tundu. Kisha, kabla ya kitu kingine, mdomo mzima ugongwe taratibu kwa kishikio cha bisibisi na usikilizwe. Faiba iliyoshikana hulia kwa sauti kavu, ya juu. Iliyoachana tabaka hulia bubu. Panapolia bubu pawekewe alama ya chaki. Hapo ndipo boti yenyewe inapoeleza hali yake, na fundi anayeruka hatua hii ili awahi kuvisha raba mpya anafunika kidonda kikiwa na usaha.

Sehemu zilizoachana husagwa kwa msasa mkavu hadi faiba ngumu ionekane, zikaoshwa kwa asetoni, zikajazwa mati ya nyuzi za kioo na resini mpya. Kilo moja ya resini hupewa gramu 10 hadi 20 za hadina, kemikali inayoigandisha. Kwenye joto la mchana wa Homa Bay kaa karibu na 10, la sivyo itachemka na kuganda mkononi mwako kabla brashi haijafika ukingoni. Hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani. Vumbi la kusaga ni kioo, kwa hiyo barakoa na mikono mirefu, na kuoga kwa maji baridi. Mafundi wengi hucheka wakiambiwa haya. Wacheke, ila miwani ivaliwe.

Matundu ya zamani yazibwe yote. Kuna ushawishi mkubwa wa kuyatumia tena, kwa kuwa yapo na yamelingana, lakini yameshalegea na skrubu itazunguka bure. Toboa mapya katikati ya yale ya zamani, kila sentimita 15 hadi 20, na upanue kidogo mdomo wa kila tundu kwenye jelkoti peke yake, ili skrubu ikikazwa isianzishe ufa wa nyota. Kuhusu skrubu zenyewe, nenda Rodi na sumaku ya spika iliyokufa. Ile ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki hurukia sumaku. Ya chuma kisichoshika kutu haishiki, au hushika kwa uvivu. Maji ya ziwa si ya chumvi, hivyo daraja la 304 latosha. Ni wa Lamu na Mombasa wanaolazimika kulipia 316.

Chini ya raba huwekwa gundi ya kuziba, na hapa silikoni ya bafuni inapigwa marufuku. Haishiki faiba sana, na mahali ilipopita hapashiki kitu kingine tena, hata resini, hadi pasagwe upya. Mafundi wa vioo vya magari wana kitu bora zaidi: gundi nyeusi ya poliurethani wanayobandikia vioo vya mbele. Hukaa laini miaka mingi, na udhaifu wake mmoja, kuchukia jua, haumo hesabuni kwa kuwa raba imeifunika.

Raba huvishwa kuanzia katikati ya omo kwenda pande zote mbili, watu wawili, mmoja akisukuma na mwingine akikaza. Neno ni kusukuma. Mkono wa mtu hutaka kuvuta raba ili inyooke na ipendeze, na raba iliyovutwa hukubali siku hiyo. Usiku ikipoa hurudi, na asubuhi kuna pengo tezini. Isukumwe, ijazane kidogo kwenye kila kona. Ikiwa ngumu ianikwe juani kwanza, au imwagiwe maji ya moto. Kuitelezesha ni kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa grisi wala oili ya injini, maana mafuta hulainisha EPDM na mpira wa asili kwa ndani hadi vivimbe. Kipande cha ziada kiachwe kikining'inia tezini hadi kesho yake, ndipo kikatwe.

Gharama ya haya yote si kubwa ukiilinganisha na injini, na bado hayafanywi. Sababu, nadhani, imo kwenye mgao. Kwenye fuo nyingi gharama za safari hutolewa kwanza, petroli na chakula, na kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye boti na vijana. Raba haimo kwenye gharama za safari. Ni ya mwenye boti, na mwenye boti mara nyingi yuko nchi kavu. Anaona boti ikitoka na kurudi, haoni viganja. Vijana wanaochomwa hawana sauti juu ya chombo, na wavu ukichanika lawama huenda kwa aliyekuwa akiuvuta. Kamati za BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo, hukagua jaketi za kuokolea na usajili wa boti, na ni sawa. Hakuna kinachozuia mkaguzi huyo huyo kupitisha kiganja chake mdomoni mwa boti mzunguko mmoja.

Raba mpya ikishafanya kazi mwezi mmoja, hadi mwezi mpevu unaofuata, bisibisi irudi kuzungushwa kwenye kila skrubu. Itakayozunguka bila kukaza itolewe, tundu lizibwe, na jingine litobolewe sentimita tatu pembeni. Itakayovuja maji ya kahawia siyo chuma ulichouziwa. Ibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla haijavimba na kuinua raba juu yake.